Bwana Yupi

Juzi nilimwaga maziwa. Maziwa yote ya asubuhi, yenye povu, na ndani nina mtoto wa miezi minane anayelia njaa. Mama Naini, yule Mmasai anayeshuka na punda kutoka juu kutuletea maziwa hapa Karatu, alinipa kibuyu, nikafungua kifuniko, harufu ya moshi wa loirien ikanipiga puani. Mnaojua vibuyu vyao mnaijua: kabla ya kukamulia husugua ndani kwa kijinga cha mti huo, na maziwa yanakaa na ladha ya moshi mpaka tone la mwisho. Kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nyuma ya nyumba na udongo unayanywa.

"We mama," Mama Naini akasema, "hiyo siyo sumu."

"Najua."

"Basi una nini?"

Ningemjibu nini? Nimesoma mpaka kidato cha nne. Niulize sehemu za ua, niulize mito mikubwa, nitakutajia. Lakini hasira ile sikujua ni ya nani. Nilikaa kitandani, mtoto analia, nami namtazama tu. Sasa nimeamua niiandike, niwaandikie ninyi wa rika langu, mliokuwa watoto wakati bendera ni ya wengine na mkawa wakubwa wakati bendera ni yetu, labda mmoja wenu ataniambia nimkasirikie nani.

Kwetu ni kule juu, mahali mashamba yanapoishia na msitu unapoanza. Ukipanda msitu ule siku nzima unatokea kwenye ukingo na kuliona shimo kubwa la Ngorongoro liko chini yako. Sisi tulikuwa hatuendi huko. Msitu wetu ulikuwa hapa karibu tu: kuni, dawa, asali, na wakati wa kiangazi maji na majani ya ng'ombe. Halafu walikuja watu na mapanga wakafyeka njia nyembamba iliyonyooka, wakapanda mawe yaliyopakwa chokaa, na tukaambiwa kwamba upande ule wa mawe sasa ni hifadhi. Asubuhi ile mbuzi wetu alikuwa amesimama juu ya jiwe moja, mbele ng'ambo, nyuma kwetu. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Hakucheka tena kwa muda mrefu.

Nyumbani tulikuwa wanne. Baba, mama, mimi, na Ama. Ama ndivyo tunavyomwita bibi sisi Wairaqw, na huyu alikuwa mama yake baba, mfupi, mwenye goti bovu na sauti kubwa kuliko mwili wake. Tulikuwa watano, lakini mdogo wangu wa kiume alikufa kwa kikohozi kabla hajatambaa. Mama alikuwa haongei. Majirani walipokuja kutupa pole, mwinjilisti aliyekuwa ameanza kufundisha dini kwenye banda la nyasi karibu na njia alisimama mlangoni akasema, "Bwana amemchukua."

Nililishika neno hilo. Lazima mnielewe hapa, maana kila kitu kinatoka hapa.

Kabla ya mwinjilisti, Ama alikuwa anasali kwa Looaa. Looaa ni jua, na ni Mungu, na ni mama. Siyo mfano, ni mama kweli, wa kike, ndiye anayetuonea huruma. Kila asubuhi Ama alitoka nje, anageukia linakotoka jua, anamwambia Looaa habari za nyumbani kama mtu anayeongea na dada yake ng'ambo ya ua. Kisha akabatizwa, akaanza kumwambia Bwana. Mwinjilisti aliniambia ni yuleyule. Nikamtazama nikaona huyu mwalimu hajui kitu. Mama awezaje kuwa bwana? Looaa yuko juu, kila mtu anamwona, anachoma kisogo. Bwana basi ni mwingine, na wala hakuwa mgumu kumpata, kwa sababu watu wazima walikuwa wanamtaja kutwa nzima.

"Bwana amekataza kuingiza mifugo."

"Bwana anapita kesho na gari."

"Bwana kachukua ng'ombe wa Mzee Tluway, wote, hata ndama."

Huyo alikuwa mzungu wa wanyamapori. Wengine walimwita Bwana Nyama, nyumbani tulimwita Bwana tu. Alikuwa na Land Rover yenye turubai nyuma. Na kule bandani tulikuwa tunafundishwa kwamba Bwana anaona yote, kwamba msitu na wanyama wote ni vyake, kwamba ukimficha jambo unajiumiza mwenyewe, na kwamba ukimwambia taabu zako kwa kinywa chako, kwa adabu, atakuhifadhi. Hifadhi! Na msitu je, haukuitwa hifadhi? Niambieni, mtoto wa miaka saba angepotea wapi hapo? Mimi nilikuwa nimeelewa kuliko wote. Bwana aliyemchukua mdogo wangu na Bwana aliyechukua ng'ombe wa Mzee Tluway alikuwa mmoja, na vyote amevipeleka mahali pamoja. Kila gari lile lilipopita nilikimbia kwenye njia nikachungulia chini ya turubai nione kama kuna mtoto mchanga. Niliona kamba. Niliona madebe. Mara moja niliona kichwa cha nyati.

Kiangazi hicho mto wa chini ulikauka, na baba akaingiza ng'ombe msituni. Siyo wetu peke yao. Wa nyumba tatu, yetu na za majirani wawili. Alikaa nao huko wiki baada ya wiki, kwenye uwazi wenye majani, chini ya mtarakwa mkubwa uliopigwa radi na kubaki mweusi upande mmoja. Akikamatwa, ng'ombe wanakwenda na yeye anakwenda. Hilo nilikuwa sijaambiwa. Nilichoambiwa ni kwamba mtu akiuliza, baba yuko Mbulu kwa wajomba.

Chakula alipelekewa na Ama na mimi. Tulitoka kama watu wanaokwenda kuokota kuni. Ama alibeba ugali ndani ya kitambaa mpaka kwenye jiwe pana karibu na kijito, hapo anakaa, ananyoosha goti. "Nenda sasa, dasi," ananiambia, yaani binti. "Ukiona kinyesi cha tembo kina mvuke, rudi." Nilivuka mimi, nikapanda mpaka kwenye mtarakwa. Baba alitoka kwenye miti, ananuka moshi wa loirien kuanzia nywele mpaka miguu, ananinyanyua na kuniuliza maswali ya kipumbavu.

"Mbuzi yule amehamia upande gani?"

"Bado amesimama katikati."

"Basi huyo ndiye mwenye akili kwetu."

Narudi na kibuyu cha maziwa, nacho kimesuguliwa kwa loirien. Ama anaonja kwanza, pale pale kwenye jiwe, anafumba macho, halafu ananipa. Sijawahi kunywa kitu kitamu kama kile. Sasa mmeelewa habari ya juzi.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, jua kali. Mama alikuwa shambani. Gari lilipanda mpaka nyumbani kwetu likiwa linatoa mvuke mbele, na Bwana akashuka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona karibu. Magoti yake yalikuwa mekundu na yana magamba kama ya kuku. Nilishangaa kwamba Bwana ana magoti. Alikuwa na askari wake, mtu wa Singida, mrefu, mwenye kofia, ambaye alizoea kutusalimia vizuri.

Waliomba maji ya gari. Nikaleta kata. Bwana alimimina kwanza, kisha akanywa yaliyobaki, akanirudishia kata kwa mikono miwili. Kwa mikono miwili, kama mtu aliyelelewa. Akasema, "Asante, mtoto," kwa Kiswahili safi kuliko cha baba yangu.

Kisha akamgeukia Ama. "Mwenye mji yuko wapi, mama?"

"Mbulu," Ama akasema. "Kwa wajomba."

"Na ng'ombe?"

"Wamekwenda naye."

"Wote? Kiangazi hiki? Mbulu kuna majani?"

"Kwa wajomba kuna majani," Ama akasema, na askari akatazama chini ili asicheke.

Nilimtazama Ama nikaingiwa na hofu. Ama huyuhuyu aliyekuwa ananiamsha tusali! Amesahau? Anamficha Bwana, mbele ya Bwana, na Bwana anaona yote. Atatuumiza. Na baba yuko peke yake na tembo, hana wa kumhifadhi, na anayehifadhi ndiye huyu amesimama hapa anafuta shingo kwa leso. Nikamvuta kaptula.

"Bwana," nikasema, kwa adabu, kama nilivyofundishwa, "baba yuko ng'ambo ya kijito, kwenye mtarakwa uliopigwa radi. Yeye na ng'ombe wote. Uwahifadhi. Na mdogo wangu umrudishe, maana mama haongei."

Nakumbuka gari linatoa sauti ya kuchemka. Ama akacheka, kicheko kibaya, cha juu juu. "Huyu ana homa," akasema. "Tangu jana anaongea hivi." Askari naye akadakia haraka, "Watoto, bwana. Wanaota mchana." Alijaribu, mtu wa watu. Namshukuru mpaka leo, popote alipo.

Bwana aliniwekea mkono kichwani. Ulikuwa mzito na unanuka petroli. "Mtoto mzuri," akasema. "Msema kweli."

Nilivimba kwa furaha. Naliandika kama lilivyokuwa: nilivimba kwa furaha.

Jua lilipoanza kushuka walirudi. Ng'ombe walitangulia, wanaswagwa na watu nisiowajua, wa nyumba tatu wote pamoja, na nyuma lilikuja gari. Baba alikuwa chini ya turubai, mikono nyuma. Aliponiona alitabasamu. Mimi nikampungia mkono nikaruka ruka. Nilijua amekwenda kumchukua mdogo wangu, na kwamba mtoto mchanga lazima apakatwe, ndiyo maana mikono ameiweka nyuma, anaipumzisha.

Mama alikuja mbio kutoka shambani na jembe bado mkononi. Wake za majirani wakaja. Kelele zilikuwa kubwa. "Nani kasema? Nani kasema?" Mmoja alikuwa anapiga paja lake kwa kiganja, pa, pa, pa, "Ng'ombe wa mahari ya mwanangu! Nani kasema?" Nikafungua mdomo niwaambie wasilie, wote wamehifadhiwa. Ama akanishika bega kwa nguvu mpaka nikasahau neno.

"Mimi," Ama akasema. "Nimesema mimi. Ulimi umenitoroka. Nimezeeka."

Yule mwanamke akaacha kupiga paja. "Umezeeka leo?"

"Leo."

"Jana ulikuwa unajua kuficha hata chumvi."

"Jana ilikuwa jana."

Akatema mate chini, karibu na miguu ya Ama, akaondoka. Toka siku hiyo hakuna aliyekuja kuomba moto kwetu. Mnajua maana yake. Sisi hatuchomewi nyumba wala hatupigwi, tunaachwa. Mtu anapita na kijinga chake cha moto, anakipeleka nyumba ya mbali, moto unamfia njiani, anarudi tena, lakini kwenu haingii. Kwenye mavuno tulivuna peke yetu. Bandani, benchi alilokaa Ama lilibaki na Ama. Wanawake walijibana kwenye mabenchi ya nyuma mpaka wakapakatana.

Na yeye alikwenda. Kila Jumapili, na goti lile. Nilikuwa nimeanza kuelewa vipande vipande, kwa maneno ya watoto wa jirani. "Bibi yako amemuuza baba yako," waliniimbia. Nikajua basi kuuza ni nini. Nikajua Bwana ana jela. Asubuhi moja Ama alipogeukia jua na kuanza, "Ee Bwana," nilipiga kelele.

"Bwana yupi? Bwana yupi, Ama?"

Aliacha. Nadhani ndipo alipoona, kwa mara ya kwanza, kilichokuwa kichwani mwangu siku ile. Hakunikumbatia, hakuwa mtu wa hayo. Alitazama juu, jua lilikuwa limetoka nusu. Akasema, "Yule asiyeuliza baba yako yuko wapi."

Nikabaki na hilo. Sikulielewa, na sina uhakika kama leo ninalielewa. Kama Bwana huyo anajua bila kuuliza, alikuwa wapi mchana ule? Alikuwa na shughuli gani? Ningekuwa mimi nina mamlaka yote na namwona mtoto anafungua mdomo, ningemwingizia nzi kooni akohoe.

Baba alirudi baada ya mvua mbili, amekonda, nywele zimekatwa vibaya. Ng'ombe hawakurudi. Akaenda kufanya kibarua kwenye shamba la kahawa la mzungu huko Oldeani, pamoja na watu wa Singida na Dodoma, akija nyumbani Jumamosi kwa Jumamosi, mikono myeusi kwa utomvu wa kahawa. Harufu ya moshi ilimtoka, haikurudi tena. Baadaye bendera ilibadilishwa, tulicheza ngoma, nilipewa soda. Mawe yalipakwa chokaa mpya. Bwana aliondoka na akaja Bwana mwingine, mweusi kama sisi, kaptula ileile, gari lilelile, neno lilelile. Nilisubiri mtu acheke. Hakuna aliyecheka.

Ama alikufa nikiwa darasa la saba, na kwa watu bado ni yeye aliyesema. Nilikwenda sekondari na jambo hilo tumboni. Nimeolewa nalo, nimezaa nalo. Watu wanapomwita mume wangu "bwana wako" mimi huwajibu ana jina. Wananiona mkali. Waniache.

Jana baba amekuja kumwona mjukuu wake. Amekaa kwenye kigoda mlangoni, mtoto mapajani, anamvutavuta masikio. Na mimi nimesimama na sufuria mkononi, bado nina hasira ya maziwa yale, nikasema tu, bila kupanga:

"Baba, aliyesema ni mimi. Siyo Ama. Siku ile ya gari."

"Ee," akasema. Akamfuta mtoto kamasi.

"Umenisikia?"

"Nimesikia. Mama yangu hakuvuka kile kijito hata siku moja. Mti angeujulia wapi?"

Niliweka sufuria chini.

"Hawakututafuta," akaendelea. "Walikuja moja kwa moja mpaka kwenye mtarakwa, kama watu walioelekezwa. Nikajua palepale."

"Palepale? Na ukanitabasamia?"

"Ulikuwa unaruka. Ningefanyaje?"

"Na mama anajua?"

"Mama yako ana akili kuliko mimi."

Nilimpigia kelele. Sioni aibu kusema. Nilimpigia kelele baba yangu mzazi mbele ya majirani, kwamba wameniacha nibebe kitu hicho miaka yote, wote wanajua, wote wananyamaza, kwamba Ama alitengwa kwa sababu ya ulimi wangu na wao wanatazama. Mtoto akaanza kulia. Baba alingoja nimalize.

"Mama alishasema ni yeye," akasema. "Ulitaka nisimame mbele za watu nimwite mama yangu mwongo?"

Nikamchukua mtoto mapajani mwake. Ameondoka na fimbo yake, na mimi nimekaa hapa na kalamu, na kitu pekee kinachonijia ni lile banda.

Ilikuwa Jumapili ya kwanza baada ya baba kutoka jela. Bandani wanaume walikaa kulia, wanawake kushoto, na hakuna aliyewahi kuvunja utaratibu huo. Baba hakuwa amebatizwa. Hakuwa amewahi hata kuchungulia. Alivua kofia mlangoni, akatazama kulia ambako wanaume walikuwa wameshaanza kusogea wampe nafasi, akageuka, akapita katikati ya wanawake mpaka kwenye benchi tupu la mama yake, akakaa. Mwinjilisti alisita. Kuna mtu alikohoa. Baba alikuwa mrefu, magoti yakagota benchi la mbele, akayaweka upande. Akanyoosha mkono, akanivuta, nikaingia katikati yake na Ama, nimebanwa pande zote mbili na sioni kitu. Nilidhani amekuja kumwangalia vizuri Bwana huyu mwingine anafananaje. Alikuja na Jumapili iliyofuata, na nyingine, mpaka siku moja yule mwanamke wa ng'ombe wa mahari alisimama kule nyuma, akaja, akasema, "Sogeeni basi," akakaa kwenye ncha ya benchi.

Lakini ile ya kwanza tulikuwa watatu tu. Wimbo ulipofika kwenye neno Bwana mimi nilifumba mdomo. Baba, ambaye hakujua wimbo wowote, naye alikuwa amefumba. Ama aliimba kwa sauti ya watu watatu.